Mtoto Niliyemruhusu Mapema

Siku mliyoniaga kazini mlinipa vitu viwili, kitenge na agizo. Kitenge nimeshakishona na nimeshakivaa kwenye harusi mbili. Agizo la kuandika habari za kazi yangu nimelikalia karibu mwaka mzima, maana kila nikishika kalamu mkono unataka kuandika joto, mapigo ya moyo na pumzi. Vyeo sitaviandika. Vimo kwenye jalada langu huko ofisini, na sijaona mgonjwa aliyepona kwa kusomewa cheo cha muuguzi. Nitaandika juu ya vifua vya watoto, kwa kuwa ndivyo vilivyonichukulia ujana wangu, na juu ya kosa moja nililolifanya kwa mdomo wangu mwenyewe. Ile kliniki yenu ya Alhamisi imetokana na kosa hilo. Najua mnadhani ilitoka wizarani.

Nilianza kazi nikiwa msichana mwembamba, msiniulize alikokwenda, kwenye zahanati moja ndogo huko delta, mto unapomwagikia baharini, ambako wagonjwa wanakuja kwa mtumbwi na muuguzi mgeni anakuja kwa kutapika. Pale nilimkuta Sista Hadija, muuguzi mzee mwenye saa ya kubana kifuani na sauti ya chini ambayo ukiisikia unajua umeharibu. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi mtoto wa kiume anayekohoa, akaniambia nihesabu pumzi. Nikahesabu nusu dakika, nikazidisha mara mbili, nikampa jibu upesi kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa.

"Umehesabu nini?" akaniuliza.

"Pumzi, sista."

"Umehesabu gauni. Mfunue kifua. Tena anyonye amalize kwanza, atulie. Na dakika iwe nzima. Ukihesabu nusu ukazidisha, umehesabu haraka zako, hujamhesabu mtoto."

Nilimfunua. Nilisubiri anyonye. Nikahesabu upya nikapata pumzi kumi na mbili zaidi, na mbavu za chini zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta. Mtoto yule tulimwanzishia sindano saa ile ile. Sista Hadija alinitazama, na mtu akikutazama namna ile unakumbuka mpaka unastaafu. Alipoondoka kazini aliniachia saa yake. Kioo kina ufa, lakini mshale wa sekunde haujawahi kunidanganya.

Kutoka delta nilihamia Mkongo, na kutoka Mkongo nikaletwa upande wa Kibiti, kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja jina kwa kuwa kosa ni langu, si la jengo. Huko ndiko nilikoona vifaa vikija kimoja kimoja. Mashine ya oksijeni ilipofika ilikuwa inanguruma kama ya kukoboa mpunga, na akina mama wa mwanzo walikataa watoto wao wasogezwe karibu nayo. Kipima oksijeni cha kubana kidoleni tulikifunga kwa kamba kwenye meza, maana vitu vizuri vina miguu. Tukajifunza, na watoto ambao zamani tungewafunika shuka wakaanza kurudi nyumbani wakiwa hai. Tulifurahi sana. Mtoto akitoka tuliandika "Ameruhusiwa, hali nzuri", jalada likarudi kabatini, na sisi tukageukia aliyelala kitanda kinachofuata. Hakuna aliyejiuliza kifua kile kinaendeleaje huko kilikokwenda.

Somoe aliletwa na bibi yake mwanzoni mwa mwaka, miaka kumi na zaidi kidogo iliyopita. Alikuwa na miaka minne. Mama yake alikuwa amejifungua mwingine, kwa hiyo mtoto huyu alikuwa mikononi mwa bibi, Bi Tatu wa Ruaruke, mwanamke mfupi, mkulima wa mpunga, ambaye ukimwambia jambo analirudia neno kwa neno huku anakunja vidole. Surua ilikuwa imempitia mtoto wiki mbili kabla, ikamwachia nimonia kali. Alipofunguliwa kanga mgongoni alikuwa hana hata nguvu ya kulia. Matundu ya pua yalikuwa yanatanuka, midomo imeanza kubadilika rangi.

Alikaa kwenye oksijeni siku tisa. Siku ya kumi aliomba uji, akaonja, akaukataa kwa sababu hauna sukari. Wodi nzima ilicheka. Nikasema mgonjwa anayelalamikia sukari huyo ameshapona, na nilikiamini nilichokisema.

Siku ya kuondoka Bi Tatu alisimama mbele ya meza yangu. "Sista, nikamtunzeje huyu?"

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nilimjibu bila kuinua kichwa: "Asipigwe na baridi. Asichoke. Apumzike. Na dawa amalize."

"Baridi isimpige," akakunja kidole. "Asichoke. Apumzike. Dawa amalize." Vidole vinne. Akanishukuru, akaniombea dua ndefu. Nikaandika "Ameruhusiwa, hali nzuri" nikapiga mstari chini yake. Niliupiga kwa rula, kwa kuwa siku zile nilijivuna kwa daftari safi.

Sasa nyie mliotoka mbali na huku niwaeleze. Mpunga ukishakua, watu wetu wengi wanahamia bondeni kuulinda, na huko hawalali chini. Wanajenga dungu, kibanda juu ya nguzo, sakafu yake ya miti, unapanda kwa ngazi. Juu unawaona ndege na nguruwe kabla hawajakuona, na maji yakija yanapita chini. Chini ya dungu kunawekwa gogo linalofuka moshi usiku na mchana ili mbu wakimbie. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo, upande wa Utete. Nimeamia ndege, nikiwafukuza kwenye mpunga kwa kombeo na makelele, tangu sijaota meno ya ukubwani. Kwa hiyo sikuwa na udhuru wowote. Nilijua Bi Tatu ni mkulima, nilijua ni msimu gani, na sikumuuliza mtoto atalala wapi.

Nilimwona tena wakati wa mavuno. Tulikwenda bondeni kwa huduma ya mkoba, mimi na kijana mmoja wa chanjo, tukifuata watoto walioikosa kliniki kwa sababu ya mashamba. Bi Tatu alinitambua kutoka mbali akaanza kupiga vigelegele.

"Karibu, sista! Njoo uone kazi yako! Amri yako nimeishika. Baridi haijamgusa, moto hauzimiki hapa. Wala hajachoka hata siku moja. Tangu tuje huku hajakanyaga chini."

Nikatazama juu. Moshi ulikuwa unapenya katikati ya miti ya sakafu, na katikati ya moshi alikaa Somoe, amefungwa blanketi, jua la saa nne likiwaka. Nilimwita. Aliteremka ngazi yenye vidato sita. Kwenye cha tatu alisimama akapumzika. Alipofika chini alichuchumaa, akashika magoti, akakohoa kikohozi kizito cha mtu mzima. Miguu ilikuwa myembamba kama ya ndege. Nilibana saa ya Sista Hadija kifuani, nikasubiri atulie, nikahesabu dakika nzima. Arobaini na sita, na alikuwa ameteremka ngazi tu.

Nilipandwa na hasira, na zilitoka zikamwangukia asiyestahili. "Mama, umemfanya nini huyu mtoto?"

Uso wa Bi Tatu ulisinyaa. "Si ulivyoniambia? Baridi, nkaizuia. Kuchoka, nkamzuia. Apumzike, kapumzika. Kwani mie nimekosea wapi, sista?"

Kijana wa chanjo alijifanya anatafuta kitu ndani ya kasha la barafu. Nimewahi kukemewa na wakubwa mbele za watu na nikalala usingizi mzuri, lakini aibu ya siku ile ninayo mpaka leo. Mwanamke huyu alikuwa ametekeleza maneno yangu kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumhudumia, na maneno yenyewe ndiyo yaliyokuwa mabovu.

"Hujakosea, mama," nikamwambia. "Nimekosea mimi. Nilisema kwa haraka, sikukuuliza mnakwenda wapi. Huu moshi ndio unaomla kifua. Na mtoto aliyetoka kwenye nimonia anatakiwa acheze."

"Acheze! Na mbu? Nikiuzima moto, unataka apone kifua nimzike kwa malaria?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake pale pale, na ninawaomba muige jambo moja tu kwangu, kwamba nilikiri. Nilimwambia nitakwenda kulitafuta.

Kwanza tulimrudisha kituoni. Kikohozi kilichozidi wiki mbili hakisamehewi, kwa hiyo alipimwa kifua kikuu, hakuwa nacho, akapigwa picha ya kifua. Wakati ule alikuwa anatutembelea daktari mmoja wa watoto, kijana mpole mwenye viatu visivyofaa kwa matope yetu. Aliiinua picha dirishani. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kusikia kwamba basi tena.

"Pafu limepata kovu hapa chini," akasema. "Kovu hilo sitalifuta. Lakini huyu ana miaka minne, sista. Mapafu yake bado yanajengwa, yataendelea kujengwa kwa miaka mingi. Mpeni hewa isiyo na moshi, chakula, chanjo zake zote, na sababu ya kukimbia."

Nakiri nililia kidogo, nikasingizia dawa ya kusafishia sakafu.

Nikarudi bondeni na vyandarua viwili. Vyandarua vimetengenezwa kwa ajili ya kitanda, na dungu si kitanda, upepo ulivinyanyua kama kanzu. Bi Tatu alivitazama kwa dharau, akatia mkono mkobani mwake, akatoa kanga kuukuu na sindano. Kufikia Adhuhuri chandarua kilikuwa na pindo zito la kanga linaloshika sakafu pande zote nne. Tulilihamisha gogo la moto upande unakoelekea upepo, hatua thelathini kutoka kwenye dungu, ili moshi uende ukawasumbue nguruwe. Kisha nikamwonyesha Somoe mchezo. Nilikata bua la jani la mpapai, lile lenye tundu katikati, nikalitumbukiza kwenye chupa ya maji iliyofika nusu, nikamwambia apulize mapovu polepole mpaka pumzi iishe. Mara tatu ya kwanza aliishia kukohoa. Ya nne mapovu yalitoka, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Kukimbia hakukuhitaji mafunzo. Nilimuuliza bibi yake ni nani anayeamia ndege.

"Mie. Na mgongo huu."

"Mpe yeye. Akimbie mpaka dungu la jirani na kurudi, apige kelele njia nzima. Akichoka akae, akipata pumzi ainuke tena."

Bi Tatu alinitazama kama mtu anayepima kama mganga wake ana akili timamu. "Sista, juzi ulisema asichoke."

"Juzi nilisema ujinga."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na hapo ndipo tulipoanza kuwa marafiki. Kabla sijaondoka nikamuuliza swali ambalo siku hizi ninyi mnaliuliza kila Alhamisi: kabla hajaugua, huyu mtoto alikuwa anafanya nini ambacho sasa hawezi?

Hakufikiri hata kidogo. "Alikuwa akiimba. Nikitwanga anakaa hapa pembeni, ananiimbia kasida ya Maulidi. Ule mstari mrefu wa mwisho anaushika mpaka mwisho kwa pumzi moja, mie mwenyewe siuwezi. Sasa anakatika katikati."

Nilinunua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza niliandika jina la Somoe, na pale pa kuandika "Ameruhusiwa" nikaandika: aimbe mstari wa mwisho bila kukatika. Nikaacha nafasi wazi.

Msidhani mambo yalikwenda kama maji mtaroni. Masika iliyofuata nimonia ilimrudia. Ila safari hii alifika siku ya kwanza, akitembea kwa miguu yake, kabla midomo haijabadilika. Nilimuuliza Bi Tatu alijuaje mapema hivyo. Akatoa kwenye mfuko wa gauni tasbihi kuukuu, iliyofungwa uzi mwekundu mahali pamoja.

Nilikuwa nimemwambia, kati ya mambo mengi, kwamba kwa mtoto wa umri ule pumzi zikifika arobaini kwa dakika akiwa ametulia asingoje kesho. Saa hakuwa nayo. Alikuwa na kitochi, simu ndogo ya tochi. Alisubiri namba ya dakika ibadilike, akaanza kusogeza shanga moja kwa kila pumzi kwenye kifua cha mjukuu wake, akaacha namba ilipobadilika tena. Uzi mwekundu aliufunga kwenye shanga ya arobaini. Asubuhi ile vidole vyake vilifika kwenye uzi na kuupita. Alihesabu mara mbili, akafunga safari.

"Niliogopa kidogo," akaniambia. "Tasbihi ni ya kumtaja Mungu. Kisha nikasema, na pumzi je, si zake?"

Somoe alilala siku tatu tu, na oksijeni hakuihitaji. Nilimwomba Bi Tatu awafundishe akina mama wengine pale wodini, akafundisha kwa ukali kunizidi mimi. Somoe alipobanwa tena na kukoroma kifuani, tulimpa dawa ya kuvuta kupitia chupa ya plastiki tuliyoitoboa kitako kwa waya wa moto, kile kifaa ambacho nyie mnakitengeneza kwa dakika mbili na mimi kilinichukua alasiri nzima na vidole viwili kuungua.

Daftari likajaa majina. Kila mtoto aliyetoka kwenye oksijeni aliandikwa, na kila mmoja na jambo lake: apande mnazi mdogo wa babu, abebe ndoo ya lita tano, acheze mpira nusu ya kwanza yote. Nilijifunza kuuliza moto uko wapi kabla ya kuuliza dawa iko wapi. Wengi waliandikiwa "Ameruhusiwa" ndani ya mwaka. Yapo majina matatu ambayo sikuyaandikia neno hilo na sitayaandikia kamwe, na wazazi wao bado nawasalimia kwa jina la watoto wao. Wakubwa wakaliona daftari, wakalipenda, wakalipa jina refu na fomu zake. Ndiyo kliniki yenu ya Alhamisi.

Lakini jina la kwanza halikufungwa. Somoe alianza shule, akawa anakwenda na kurudi kwa miguu bila kusimama njiani. Alinenepa. Mwaka wa nne niliona inatosha, nikashika kalamu mbele ya Bi Tatu nimwandikie. Akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Anaimba?"

"Mama, mtoto ni mzima, anakimbia..."

"Nimekuuliza anaimba? Chuoni, kule madrasa, mwalimu kamweka nyuma, kwa kuwa anakatika pasipo pa kutua. Ulimruhusu mara moja mapema, sista. Safari hii nitakwambia mie."

Akawa ananiambia kila mwaka. Bado. Amefika nusu. Amefika robo tatu, kisha mafua yakamrudisha. Bua la mpapai nilijua analipuliza hata alipokuwa mkubwa wa kuona haya, maana kila akija kituoni nilimwomba apulize, na mapovu yalichukua muda mrefu zaidi ya mara iliyopita. Mliponiaga kwa soda na hotuba, ukurasa wa kwanza ulikuwa bado wazi. Ndiyo sababu lile daftari sikulikabidhi. Mliodhani nimesahau, sikusahau.

Mwezi uliopita Bi Tatu alinipigia simu. Alisema kuna Maulidi Ruaruke, baada ya Alasiri, nije na nisichelewe. Nilikaa upande wa wanawake, juu ya mkeka, karibu naye. Amezeeka, macho yanafifia, lakini tasbihi ile ile ilikuwa mkononi na uzi mwekundu umekuwa kama wa udongo. Wasichana wa chuo walisimama mbele kwa mabaibui meupe. Mmoja mrefu, mwembamba, akatoka hatua moja mbele ya wenzake. Ilinibidi nimwangalie mara mbili.

Somoe ana dawa yake ya kuvuta mkobani hata leo, na baridi ya kipupwe bado inamkohoza. Kovu liko pale pale liliposemwa. Aliimba beti za mwanzo kwa sauti ya wastani, akitua panapotuliwa, na kila alipovuta pumzi niliona kidole cha Bi Tatu kikisogeza shanga. Kisha ukafika mstari wa mwisho. Akavuta pumzi, shanga ikasogea, akaanza.

Mimi nilikuwa nimeshika saa kifuani bila kujua. Mstari ulipanda, ukashuka, ukapita pale katikati nilipoambiwa kwa miaka yote kwamba ndipo anapokatika, ukazidi kwenda. Nikatazama mkono wa Bi Tatu. Kidole kilikuwa juu ya shanga ile ile. Sauti ikafika mwisho, ikatua polepole, watu wakaitikia kwa nguvu, na shanga ilikuwa haijasogea.

Bi Tatu hakupiga vigelegele. Alikuwa analia kimya, na mimi nalia kwa sauti, hapakuwa na dawa ya sakafu ya kusingizia. Alinigeukia akanyoosha kiganja.

"Haya, sista. Mruhusu."

Daftari nilikuwa nalo, sikuwa mjinga wa kuja bila. Nililiweka juu ya mkeka, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaandika lile neno. Kisha nikampa Bi Tatu kalamu apige mstari chini yake. Hajui kuandika, na mkono unamtetemeka siku hizi. Mstari wake ulianza juu, ukateremka, ukapinda, ukatoka nje ya karatasi.

Rula ilikuwemo mkobani. Sikuitoa.